Tongotongo la Kishingo

Kila jioni nahesabu kuku wangu kwa tochi ya simu. Wako 19 ukiacha vifaranga, na mara nyingi nahesabu mara mbili kwa sababu yule mweusi hupenda kulala nyuma ya debe, mwanga haumfikii. Jioni hiyo ya Julai hesabu ilitimia mara ya kwanza. Kilichonisimamisha ni Kishingo. Alinigeuzia uso, na jicho la kushoto lilikuwa limefumba. Pembeni mwake palikuwa na tongotongo la rangi ya maziwa mgando, limekauka na kushikamana na manyoya.

Nilimbeba. Hakupiga kelele. Kuku mzima ukimshika gizani hupiga ukunga mtaa mzima ukajua. Kishingo alitulia mikononi kama mtoto mwenye homa, na utulivu ule ulinitisha kuliko jicho lenyewe.

Ninaishi Nkuhungu, hapa Dodoma. Anayeujua mji huu wakati wa Julai hahitaji maelezo: usiku ni wa blanketi la pili, mchana upepo unanyanyua vumbi mpaka ndani ya sufuria iliyofunikwa. Sisi wenyewe nyumbani tulikuwa tunakohoa. Kwa hiyo asubuhi nilipopita duka la dawa za mifugo kabla ya kipindi cha kwanza, nilikuwa na jibu langu tayari, nilitaka tu mtu wa kunithibitishia. Muuzaji hakuhitaji hata kuuliza swali la pili.

"Hayo mafua, Mwalimu. Msimu wake huu."

Akanipa pakiti ya unga wa OTC, ile antibiotiki ya oksitetrasaiklini, akaniambia niwachanganyie kwenye maji, wanywe wote. Nikalipa, nikaenda kufundisha nikiwa nimetulia kabisa, maana neno lenyewe nalijua tangu utotoni. Mafua. Mtu hawezi kuogopa mafua.

Leo najua kwamba neno hilo ndilo lililoniponza. Kwa vitabu vya ufugaji vya Kiswahili, mafua ya kuku ni ugonjwa mmoja mahususi, koriza, unaoletwa na bakteria aitwaye Avibacterium paragallinarum. Mafua ya ndege ni kitu kingine kabisa, ni kile kirusi ambacho serikali hutangaza redioni na nchi nzima ikaacha kula kuku. Lakini kwetu mtaani mafua ni chochote kinachotoka puani au machoni: iwe maikoplasma, bakteria mwingine wa njia ya hewa, iwe mdondo unaoanza, iwe ndui iliyokaa kwenye kope, iwe vumbi, iwe ukosefu wa vitamini, iwe mkojo na kinyesi chao wenyewe vinavyowaunguza. Neno moja, na kwa kuwa ni neno moja, dawa ni moja.

Nikawatilia. Siku ya pili jicho la Kishingo lilifunguka nusu, akadonoa. Siku ya tatu nilikuwa na usimamizi wa mitihani, nikasahau. Siku ya nne nikasema amepona, nikaifunga ile pakiti kwa mpira na kuiweka juu ya kabati kwa ajili ya siku nyingine. Wafugaji wenzangu wanaosoma hapa najua wameshaanza kutikisa vichwa.

Siku tisa baadaye kuku wanne walikuwa na mapovu machoni.

Narudia: mapovu, siyo tongotongo. Vijipovu vidogo kama vya sabuni ya kuoshea vyombo, vimekaa kwenye kona ya jicho iliyo upande wa mdomo, kuku akipepesa vinaongezeka. Wawili kati yao walikuwa wanatikisa kichwa kama mtu aliyeingiwa na maji sikioni. Na Kishingo, yule wa kwanza, jicho lilikuwa limefumba tena, safari hii limetuna kama lina gololi ndani.

Mwenzangu wa ofisi ya walimu akanipa namba ya dokta wa mifugo. Alikuja saa kumi jioni kwa bodaboda, binti mdogo ambaye umri wake ungeniruhusu kuwa nimemfundisha. Getini akavua viatu, akavitia kwenye mfuko, akaomba ndala za hapa nyumbani na beseni la maji ya sabuni. "Nimetoka kwenye banda la mtu mwingine, Mwalimu. Sitaki niwaletee zawadi." Mimi, nilikumbuka kwa aibu, nilikuwa nimewahi kwenda kusaidia kuchanja kuku wa shemeji yangu na kurudi moja kwa moja bandani kwangu na viatu vilevile.

Kwa kama robo saa hakugusa kuku. Alichuchumaa katikati ya banda akawa anawaangalia. Kisha akaniambia nichuchumae na mimi.

Hapo ndipo pua yangu ilipopigwa. Mimi ni mrefu kidogo. Nikisimama bandani nasikia harufu ya kawaida ya kuku, hainisumbui. Kule chini, kwenye usawa wa kichwa cha kuku, harufu ilikuwa kali ya kuwasha, kama ya choo cha shule, na machozi yakanilengalenga. Binti wa watu akanitazama tu. "Wewe umekaa dakika moja," akasema. "Wao wanalala humu kwa muda wa saa kumi na mbili."

Ile ni amonia. Kinyesi cha kuku kikikutana na unyevu, bakteria wanakivunja na hewa hiyo inatoka. Wafugaji wakubwa wenye vipimo hujitahidi isivuke sehemu 25 kwa kila milioni ya hewa. Ikizidi sana huchubua kioo cha jicho, na kabla ya hapo inakuwa imeshavilegeza vile vinyweleo vidogo visivyoonekana ambavyo kazi yake ni kufagia uchafu kwenye koo la hewa. Vikilegea, vumbi linashuka, na vijidudu vinashuka navyo. Nami nilikuwa nimeisaidia hewa hiyo isitoke. Mwezi Juni baridi ilipoanza niliona huruma, nikaziba madirisha yote ya wavu kwa viroba, tena nikavigongelea misumari. Juu ya hapo chombo cha maji kilikuwa kinavuja, na maranda ya upande ule yalikuwa yameshikana kama keki.

Maswali yake yalikuja baada ya hapo. Jicho moja au yote mawili? Nani alianza, na alianza lini? Wangapi sasa? Wanakula? Mayai yamepungua? Kuna aliyekufa ghafla, kuna anayeharisha kijani, kuna anayepinda shingo? Hili la mwisho aliliuliza mara mbili kwa namna tofauti, nikaelewa baadaye kwamba alikuwa anautafuta mdondo, ule ambao wengine wanauita kideri. Huo ni wa kirusi, hauna tiba, na ungekuwa ndio, mazungumzo yetu yote yangebadilika. Akaniambia wazi kwamba wakifa wengi kwa mpigo nisipasue, nisichinje, nisigawe nyama. Nimpigie ofisa mifugo wa kata siku hiyohiyo, kwa sababu mdondo mkali na mafua makali ya ndege huwezi kuvitofautisha kwa macho.

"Na kuna mgeni?"

Alikuwepo. Jogoo wa kuchi niliyemnunua mnadani mwezi Mei, mrefu, shingo ndefu, mwenye madaha, hajawahi kuumwa hata siku moja. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, walisema wahenga, na wao walimfunga asipotee tu. Mimi hata kamba hiyo sikumfunga. Nilimfungulia siku ileile aanze kazi. Wiki tatu hadi nne za kukaa peke yake, na chombo chake cha maji, na mimi nimhudumie wa mwisho baada ya wengine, zingenionyesha kitu. Au zisingenionyesha, dokta alisema, kwa sababu kuku anaweza kubeba maikoplasma akawa mzima kabisa machoni pa watu mpaka baridi, njaa, usafiri au hewa mbaya imchokoze. Kama alikuwa nayo au la, kipimo cha damu ndicho kingesema.

Ndipo akaanza kushika mmoja mmoja. Kitu cha kwanza alichofanya kilinishangaza: alimnusa Kishingo usoni, pua yake kwenye mdomo wa kuku. Koriza hunuka, akaeleza, harufu ya kuoza ambayo ukishaisikia mara moja hutaisahau, na uso mzima huvimba ndani ya siku chache, kuku karibu wote kwa pamoja. Hakunuka. Akabana matundu ya pua ya wale wenye mapovu. Kwa wawili likatoka tone la kamasi nyepesi. Akafungua midomo na kumulika ule mpasuko ulio juu ya kinywa, ambako pua na koo vinakutana. Akavuta kope la tatu kwa pamba yenye maji, lile utando unaopita juu ya jicho kama pazia, akatazama chini yake. Nikamuuliza anatafuta nini. Mnyoo. Upo mnyoo mwembamba kama uzi unaoishi chini ya pazia hilo, kuku huupata kwa kula mende wa kwenye udongo waliobeba mabuu yake. Hatukuukuta, lakini tangu siku hiyo kila ninapoona kuku anakimbiza mende nafurahi nusu tu.

Jicho la kuku, niliambiwa, ni jirani wa pua kwa ukuta mwembamba sana. Chini ya jicho kuna uwazi unaowasiliana na njia ya hewa, na upande wake wa nje hauna mfupa, ni ngozi na nyama laini. Kamasi ikijaa humo haina pa kwenda isipokuwa kutokeza nje, ndiyo unaona shavu limevimba na jicho limezibwa. Mtu analitibu jicho kwa mwezi mzima na ugonjwa uko chumba cha pili.

Kabla ya kuondoka akanipa kazi ya nyumbani. Saa tatu usiku niende bandani bila tochi, nisimame, nisikilize. Kuku ni windo la kila mnyama, mchana akitazamwa hujikaza asionekane dhaifu. Akilala, pumzi inamsema.

Nilikwenda. Nilisimama nje ya wavu nimejifunga kitenge kichwani kwa baridi. Kwanza sikusikia kitu, mbwa wa mbali na feni ya baa. Halafu masikio yakazoea. Palikuwa na mlio kama wa mtu anayevuta uji wa mwisho kwa mrija. Upande wa kulia, mwingine kama filimbi iliyoziba. Kisha chafya, ndogo, kavu, kama mtu anayepasua punje ya karanga. Nikahesabu sauti badala ya kuku: saba. Mchana nilikuwa nimeona wagonjwa watano.

Jirani yangu upande wa pili wa ukuta alikuwa anaanua nguo. "Mwalimu, wamekufungia nje?"

Nikamwambia nawasikiliza kuku. Akacheka mpaka kibanio kikamdondoka.

Dokta aliposikia saba hakushangaa. Kwa mapovu yale, mlio ule, mwendo wa polepole, mayai yaliyopungua bila vifo, alisema anaelekea kwenye maikoplasma, ile Mycoplasma gallisepticum, na amonia ndiyo iliyoifungulia mlango. Bila maabara alikuwa anakadiria, na alisema hivyo mwenyewe, jambo ambalo lilinifanya nimwamini zaidi. Lakini Kishingo hakuwa anaumwa wanachoumwa wenzake. Au alikuwa na chao na cha kwake. Ndani ya kinywa chake, kwenye koo, palikuwa na vipele vyeupe vidogo kama chembe za semolina, na jicho lake lilikuwa na kitu kikavu ndani badala ya povu.

"Unawalisha nini?"

Pumba, mahindi meupe, dagaa kidogo, mabaki ya ugali. Majani? Masika, ndiyo, wanajilisha wenyewe. Lakini tangu Mei ardhi yetu ni kavu kama ngozi ya ngoma, na mchicha nikinunua tunakula sisi. Mahindi meupe karibu hayana kile kinachogeuka kuwa vitamini A mwilini. Mahindi ya njano yanacho. Kuku mzima huhifadhi akiba kwenye ini, kwa hiyo anaweza kukaa miezi kabla haijaonekana. Na Kishingo ndiye mzee wa banda, wa mwisho kwenye foleni, anayedonolewa na kila mtu. Hata nilipotupa fungu la matembele hakuwahi kufika. Ukosefu huo ukizidi, ngozi laini ya ndani ya macho, pua na koo hukauka na kukakamaa, machozi hayateremki, na kinachotoka kinaganda palepale.

Usiku ule tulilisafisha jicho. Nitaeleza kwa urefu kwa sababu nimeona video za watu wakichokoa macho ya kuku kwa sindano na hata wembe, na moyo umeniuma.

Nilichemsha maji, nikaacha yapoe mpaka vuguvugu, robo lita, nikatia chumvi nusu kijiko cha chai kisichojaa. Binti yangu alimshika Kishingo amemviringisha taulo, kichwa tu kiko nje. Nililowesha pamba na kuiweka juu ya kope, nikaishikilia tu, bila kusugua. Ikipoa nabadilisha. Dakika ishirini hivi, mkono unachoka, kuku anasinzia. Lile gamba la nje likalegea na kutoka na pamba. Kope zikaachana. Ndani palikuwa na kitu cha njano iliyopauka, na dokta alikuwa ameniambia kitakuwaje: usaha wa ndege hauwi majimaji kama wetu, unaganda ukawa kama kiini cha yai la kuchemsha. Nikaweka kidole gumba chini ya kope la chini, nikabonyeza polepole kuelekea juu, nikaachia, nikabonyeza. Kikateleza na kutoka kizima, bonge la ukubwa wa punje ya hindi, limechukua umbo la jicho kama lilivyomiminwa kwenye kalibu. Binti yangu akasema "Mama!" na karibu amwachie.

Chini yake jicho lilikuwapo, lakini kioo chake kilikuwa cheupe kama glasi iliyopigwa mvuke. Nikalisafisha tena kwa maji ya chumvi, nikatia mafuta ya macho ya tetrasaiklini, yale ya tyubu ndogo, mstari mfupi kama chembe ya mchele. Asubuhi na jioni, siku saba. Onyo moja hapa: duka la dawa likikupa ya macho iliyochanganywa na steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, rudisha. Jicho lenye kidonda likipata steroidi linaweza kutoboka.

Akalala kwenye tenga jikoni karibu na joto la mkaa uliozimika. Tenga na kutenga, naona waliolipa kapu hilo jina walijua kazi yake.

Wale wengine walipewa tailosini, antibiotiki nyingine, kwenye maji, siku tano kamili, zote nimeziwekea alama ukutani kwa chaki. Kuhusu ile OTC yangu ya mwanzo, dokta aliniuliza naichanganya kwenye maji gani. Ya bomba. Hapa kwetu maji yanaacha ukoko mweupe ndani ya birika. Ukoko huo ni chokaa, na dawa za jamii ya tetrasaiklini hujifunga na chokaa tumboni, kiasi kikubwa kikapita bila kuingia mwilini. Na mimi kwa mapenzi nilikuwa nawasagia maganda ya mayai kila siku yaimarishe magamba. Nilikuwa nawapa dawa kwa mkono mmoja na kuinyang'anya kwa mwingine. Penisilini nayo, kwa wale wanaokimbilia sindano, haifanyi lolote kwa maikoplasma: dawa hiyo hubomoa ukuta wa nje wa bakteria, na maikoplasma haina ukuta.

Mambo mengine niliyajifunza kwa kuyakosea. Dawa ya maji ichanganywe upya kila siku, ikae kivulini, na usiache chombo kingine cha maji bandani, maana watakunywa kile kisicho chungu. Mgonjwa sana hanywi. Huyo mpe mdomoni kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tone kwa tone pembeni mwa mdomo, usimlenge koo, atapaliwa. Viroba niling'oa vya juu, nikaacha vya chini usawa wa kuku ili upepo usiwapige moja kwa moja. Maranda yote nje. Siku ya tatu baada ya hapo, kabla hata dawa haijaisha, nilichuchumaa na nisitoe chozi.

Mama yangu alikuwa amekuja kutoka Kondoa wiki hiyo. Alivumilia mengi, ila asubuhi aliponiona nachimba shimo na kufukia mayai kumi na moja alishindwa.

"Mwanangu, unafukia mayai? Watoto wa watu hawana mboga."

Nikamweleza: dawa inapita kwenye yai, karatasi yake imeandika siku za kusubiri, tukiyala tunakula dawa kidogo kidogo, na vijidudu vinavyoishi ndani yetu vinajifunza kuizoea. Akasikiliza akitafuna mdomo. Kwao, alisema, waliponda shubiri wakatia kwenye maji, na pilipili kichaa, na kuku walipona. Baadhi walipona kweli, simbishii. Kuku wengi wa mafua hupona wenyewe. Shubiri tatizo lake ni uchungu, kuku anakunywa kidogo, na mgonjwa asiyekunywa anakufa na kiu juu ya ugonjwa. Lakini kuna mzee mtaani aliyenishauri niwatie mafuta ya taa machoni. Huyo nilimjibu vibaya na sijamwomba radhi.

Mama ndiye aliyelimaliza suala la chakula, tena kwa kicheko. Nilipomwambia natafuta mahindi ya njano alikumbuka miaka ya njaa, unga uliokuja kwa meli, watu wakauita unga wa Yanga kwa rangi yake, na jinsi watoto walivyoukataa. "Tuliulaani, kumbe ulikuwa na macho ndani." Siku hizi nanunua ninapoyapata na kuchanganya. Zaidi ni majani: matembele yanayokua kwenye maji machafu ya kuoshea vyombo, majani ya maboga, maganda ya karoti ninayoomba kwa mama ntilie. Naning'iniza mafungu matatu kwa kamba sehemu tofauti, ili mzee wa banda naye apate pa kudonoa wengine wakigombana kwingine.

Chanjo ilibidi isubiri. Nilitaka dokta awachanje mdondo siku ileile aliyokuja, akakataa: mgonjwa hachanjwi. Tulifanya mwisho wa Agosti, kabla kiangazi hakijakaza, kwa ile ya I-2 inayostahimili joto, ambayo hapa nchini hutengenezwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari. Ni tone moja kwenye jicho moja, na inarudiwa kila baada ya miezi mitatu. Binti yangu aliona kama dhihaka, jicho tumelihangaikia mwezi mzima, leo tunalitia kirusi kwa hiari. Lakini nyuma ya jicho la kuku kuna tezi iliyojaa askari wa mwili, na tone likigusa jicho linawafikia haraka. Kishingo alitiwa la kulia.

La kushoto halikurudi. Weupe ulipungua, ukabaki kama wingu, nadhani anaona mwanga na kivuli. Amejifunza kuinamisha kichwa kwa pembeni anapodonoa, na punje moja kati ya tatu anaikosa. Nikimkaribia upande wa kushoto lazima nianze kumwita nikiwa mbali, vinginevyo anaruka. Watoto wanamwita Chongo. Mimi bado namwita Kishingo. Septemba alitaga.

Wengine sauti ziliisha usiku mmoja baada ya mwingine, mpaka ikabaki chafya moja ambayo sijawahi kujua ni ya nani. Ila maikoplasma haiagi. Kuku akishapona anaendelea kubaki nayo, akipata shida anaimwaga tena, na mbaya zaidi inapita kwenye yai hadi kwa kifaranga. Dokta aliniambia bila kuremba: tangu sasa kundi lako limefungwa. Usiuze kuku hai, usigawe, usitotoleshe kwa ajili ya watu. Kula mayai, kula nyama muda wa dawa ukiisha, basi. Siku ukitaka kuanza upya utawamaliza wote, utasafisha, utaacha banda tupu wiki kadhaa.

Katikati ya Septemba jirani alikuja na kikapu. Yule wa nguo. Alikuwa na kuku wake anayetaka kuatamia, na macho yake siku zote yalikuwa kwenye jogoo wangu wa kuchi. Aliomba mayai kumi ya mbegu. Nilimweleza yote, na nilivyozidi kueleza ndivyo uso wake ulivyozidi kufunga. Kwake ilikuwa rahisi: mwalimu amepata mbegu nzuri na hataki mwingine awe nayo. "Kuku wako si wazima? Si nawaona?" Ni wazima. Unawaona. Nitamwonyeshaje mtu kitu ambacho mimi mwenyewe nilikisikia gizani tu?

Ili nisionekane mchoyo nilimpa trei nusu, siku za dawa zilikuwa zimepita zamani. Nikasisitiza ni ya kukaanga. Akashukuru kwa maneno machache, akaondoka.

Wiki tatu baadaye nilitoka saa tatu usiku kama kawaida yangu, kitenge kichwani. Banda langu lilikuwa kimya. Upande wa pili wa ukuta, chini kabisa, palikuwa na sauti nyembamba nyingi, zinalia kwa pamoja kisha zinatulia chini ya mbawa. Nilisogea ukutani nikaweka sikio.

Nilihesabu kwa muda mrefu. Sikusikia chafya.